Leo Sinywi

Jumamosi ile ilikuwa siku yangu ya 41. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama ninavyoamka siku hizi, nikapiga pasi shati jeupe, nikanywa chai ya rangi na mahamri mawili, kisha nikasimama kando ya barabara ya Malindi, hapa Bombolulu, kungoja matatu ya kuvuka daraja. Safari yenyewe si ndefu: mjini, Changamwe, Mazeras, halafu bodaboda mpaka nyumbani Rabai. Dada yangu mdogo alikuwa anatolewa mahari. Baba yetu hayupo tena, kwa hivyo mimi ndiye kaka mtu, na kwetu mahari haitolewi kavu.

Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Wageni huja na mnazi. Ule mtungi ukishawekwa kati, msichana huitwa mbele ya watu na kuulizwa: huu mnazi, tunywe au tuumwage? Akisema kunyweni, basi ameridhia. Mnazi humiminwa kwenye mboko, mboko huzunguka, na kila anayekunywa anakuwa shahidi. Miaka kumi baadaye ndoa ikileta maneno, wataitwa waliokunywa siku ile, waulizwe walisikia nini.

Sasa niambie. Mlevi wa siku 41 anafanyaje mbele ya mboko ya dada yake?

*

Siku 41 ni karibu wiki sita tu, na kama hujawahi kuwa mlevi, hiyo namba haitakuambia kitu. Likizo ya Disemba ni ndefu kuliko hiyo. Lakini mimi kwa miaka minne sikuwahi kupitisha hata siku tano. Nilianza kama wengi, bia mbili za Ijumaa baada ya kazi. Nilikuwa nafanya kazi ya makaratasi ya mizigo bandarini, kazi nzuri tu. Ijumaa ikaingia Alhamisi. Bia ikawa mzinga wa kugawana, mzinga ukawa wangu peke yangu, na mwisho nikawa mtu wa robo mfukoni saa mbili asubuhi, ili mikono itulie niweze kushika kalamu. Kazi ikaenda. Mama akaacha kupokea simu zangu usiku.

Nataka niseme jambo moja hapa, maana kuna mtu anasoma hii na robo iko mfukoni. Usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Degedege inaweza kuja siku ya kwanza au ya pili, na kufikia siku ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Mimi nilijaribu mara mbili peke yangu. Mara ya pili niliokotwa na mwenye nyumba nikiwa nimeuma ulimi. Mara ya tatu ndiyo nikaenda kwa daktari. Kama hujui pa kuanzia, namba ya NACADA ni 1192, na kupiga ni bure.

Baada ya daktari nilipelekwa kwenye kikundi. Hatutajani majina kule, kwa hivyo sitakwambia ni wapi. Viti vya plastiki, feni moja, kahawa chungu. Kuna mzee mmoja ana miaka mingi bila tone, na kila akisimama husema maneno yaleyale: "Mimi leo sinywi. Ya kesho niulizeni kesho." Mwanzo nilimwona kama anakwepa. Miaka yote hiyo bado hawezi kusema ameacha? Mimi nilikuwa nimemwapia mama mara zisizohesabika kwamba sitakunywa tena maishani, na kila kiapo kilidumu mpaka mwisho wa mwezi.

Usiku nilikuwa silali. Pombe ikiondoka, usingizi nao huchukua muda kurudi. Nikawa nasoma. Na swali nililolisomea lilikuwa moja: katika pwani hii yetu, kabla yangu, nani aliwahi kukataa kikombe, na alikataaje?

*

Nilianza na nyumbani. Katika karne ya 19 Rabai ilijulikana kwa minazi yake, na kwa mnazi wake. Majirani wa bara waliokuwa na minazi michache walikuja kuununua. Mwanahistoria Thomas Herlehy, katika makala aliyoyatoa 1984, anaonyesha jinsi mnazi huo ulivyokwenda sambamba na undugu wa kuchanjiana damu: mliokunywa pamoja mliweza kufanya biashara pamoja, kulala nyumba moja, kulindana njiani. Mzee ukitaka kumwomba jambo, unampelekea kwanza kadzama, yaani mnazi wa heshima. Siku hizi mara nyingi hutolewa pesa, lakini jina limebaki. Wafu nao hawakusahauliwa. Koma humwagiwa chao chini kabla ya walio hai kuonja.

Kwa hivyo aliyekataa mboko zamani hizo alikuwa anakataa zaidi ya kinywaji. Alikuwa anakataa biashara, undugu, na babu zake. Ndiyo maana sikushangaa kwamba katika habari za zamani za Rabai sikukutana na mtu aliyekataa hivi hivi tu.

Babu yangu mwenyewe alikuwa mgema. Alikuwa akipanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akichonga ncha ya karara kipande chembamba kama karatasi, ili utomvu uendelee kudondoka kwenye kibuyu. Hiyo kazi haina sikukuu. Ukiruka siku, pale ulipokata panakauka na unaanza upya. Na kilichopatikana asubuhi ni kitamu, jioni kimekolea, kesho kutwa ni siki. Babu hakuwahi kugema mnazi wa wiki ijayo. Nilikuwa nimeyajua haya tangu utotoni, lakini nilipoyakumbuka usiku wa siku ya tisa, nimekaa kitandani natoka jasho, nilimfikiria yule mzee wa kikundi na kahawa yake chungu. Nikacheka peke yangu.

*

Wa kwanza kuja Rabai na habari ya kukataa walikuwa wamishonari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni pale Rabai. Maandishi ya Krapf yana malalamiko mengi kuhusu tembo. Kwake ulevi ulikuwa dhambi, na dawa yake ilikuwa kuongoka. Aliongoa wachache sana.

Mwaka 1875 shirika lao la CMS lilianzisha Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ng'ambo hii ya Kisauni. Ile kengele waliyoiweka pale ndiyo iliyopa mahali jina la Kengeleni, na mimi hupita hapo kila nikienda mjini. Karne hiyo, Uingereza na Marekani, watu walikuwa wakitia sahihi kadi za ahadi kwamba hawatakunywa kabisa. Nikasoma hayo nikajiona. Mimi na ahadi zangu kwa mama, nilikuwa mtu wa karne ya 19 bila kujua.

Wa pili walikuwa watu wa sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, uleule uliopigania kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia pia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mombasa imo. Ukisoma haraka utadhani walitupenda. Lakini Mzungu aliyeishi hapa aliendelea kunywa wiski yake bila shida. Kampuni ya bia ya Kenya ilianza 1922, na Mwafrika hakuruhusiwa bia hiyo ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Basi chupa ikawa cheo. Mtu kuagiza bia mbele ya watu ikawa njia ya kuonyesha kwamba sasa ni mtu. Ukitaka kujua kwa nini vijana wa ofisini tunapanga chupa mezani mpaka zijae, badala ya kuziacha ziondolewe, anzia hapo.

Uhuru ukaja, sheria zikaendelea. Mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kabisa. Watu wakainywa gizani, na gizani ndiko walikochanganyiwa methanoli. Novemba 2000, huko Mukuru, Nairobi, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 ikaja sheria ambayo wengi tunaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni: chang'aa ikaruhusiwa ikiwa imetengenezwa na kufungwa inavyotakiwa, na baa zikapangiwa saa, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mwaka 2014 watu wengi wakafa tena kwa methanoli. Julai 2015 rais akaamuru msako, mapipa yakamwagwa mbele ya kamera.

Siwezi kusema sheria hizo hazikuokoa mtu. Lakini mimi nilikuwa nanunua robo yangu kihalali kabisa, kwenye duka lenye leseni na risiti. Na ile saa kumi na moja jioni ilinifundisha tu kununua ya kesho jana yake.

*

Usiku mmoja, karibu siku ya 20, ndipo nikakutana na watu niliokuwa nawatafuta. Wamo katika kitabu cha David Parkin kuhusu Wagiriama, kilichotoka 1972. Parkin, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi Kaloleni miaka ya 1960. Jina la kitabu lina mambo matatu: minazi, mnazi, na mashahidi.

Wakati ule minazi ilikuwa imeanza kuwa mali ya kweli kwa sababu ya nazi kavu. Vijana wenye bidii walikuwa wananunua miti na mashamba. Lakini kijana anayeinuka alikuwa na tatizo: kila jambo liliamuliwa kwenye mnazi. Aliyealikwa anywe, na aliyekunywa alipe zamu yake. Asiyekunywa aliogopwa, au yeye mwenyewe aliogopa kulogwa.

Hapo ndipo pepo alipoingia. Mtu angeugua, ugonjwa usioeleweka. Akienda kwa mganga anaambiwa: una pepo wa Kiislamu. Pepo huyu hataki mnazi, hataki nyama isiyochinjwa kwa taratibu ya Kiislamu, hataki ule na wasiofuata mwiko wake. Ukitaka kupona, silimu. Mtu akasilimu, akapona, na kuanzia siku hiyo mboko ikimjia anasema: nisameheni wazee, si mimi, nimekatazwa. Wazee wakaelewa. Nani atagombana na pepo? Parkin aliwaita Waislamu wa tiba, na aliona kwamba wengi wao walikuwa vijana hao hao wanaonunua miti.

Ukisoma kwa jicho baya utasema walikuwa wajanja, walitafuta kisingizio cha kuweka pesa. Mimi sikusoma hivyo. Ugonjwa ulikuwa wa kweli kwao. Nilichoona ni kwamba walipata jambo ambalo mmishonari na mbunge hawakulipata: namna ya kukataa kikombe bila kuwakataa watu. Hawakusema mnazi ni dhambi. Hawakumwambia babu yao kwamba ni mlevi. Walisema, mimi ni mgonjwa, na hii ndiyo dawa yangu. Wakabaki kwenye kikao.

Sasa linganisha na Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York, yuko katika mji wa Akron, biashara imeharibika, ana miezi michache tu bila pombe. Amesimama ukumbini mwa hoteli. Upande mmoja baa, anasikia watu wakicheka. Upande wa pili simu. Akapiga simu, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, na mwisho akaunganishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Tarehe 10 Juni 1935 daktari huyo akanywa pombe yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Nao walisema yaleyale ya Kaloleni: huu ni ugonjwa. Wakaongeza la pili, kwamba mgonjwa asiahidi maisha yote. Aahidi saa 24. Kiapo cha maisha kikivunjika mara moja, mtu huona yote yameanguka, basi hunywa ya kumaliza. Saa 24 mtu anaweza kuzibeba.

Maneno hayo yalisafiri. Unguja, kuanzia 2009, vijana waliokuwa wameumia kwa heroini walianza kufungua nyumba zinazoitwa soba hausi, wakiishi pamoja na kufuata hatua 12 zilizotokana na watu wale wa Akron. Neno soba sasa ni Kiswahili. Unasikia mtu akisema, "Mimi nina mwaka wa usoba," na hakuna anayeuliza maana yake.

*

Turudi Rabai.

Dada yangu aliulizwa, akasema kunyweni. Akina mama wakapiga vigelegele. Mboko ikaanza kwa wazee, ikazunguka taratibu, nikiihesabu kama mtu anavyohesabu vituo kabla ya kushuka. Harufu ilinifika kabla yake. Sitakudanganya: mate yalinijaa. Mnazi sikuupenda hata nilipokuwa mlevi, lakini mwili haukuuliza aina.

Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyenipa, kwa mikono miwili. "Haya mwanangu, simama badala ya babako."

Nikaipokea kwa mikono miwili pia, kwa sababu kumwachia imening'inia hewani ilikuwa haiwezekani. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nimekatazwa."

Kikao kikanyamaza kidogo. "Umekatazwa na nani? Umesilimu?"

"La, baba. Ni mgonjwa. Daktari amekataza, na mimi leo sinywi."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anajua. Rabai si mbali na Bombolulu kiasi hicho, na mama ana dada wengi. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, ile ya "kwani wewe mwanamume gani," maana hiyo ndiyo niliyoisikia kila mahali mjini nilipojaribu kuagiza soda. Yeye akaniondolea mboko mikononi, akainama, akaimwaga yote chini, pole pole, karibu na mguu wa kiti chake.

"Basi wakunywie wao," akasema. "Babako alikuwa na kiu kila siku, atafurahi." Watu wakacheka. Kisha akamwita mtoto aniangulie dafu, nikanywa, na akatangaza kwa sauti kwamba kaka mtu amekunywa, ameshuhudia, tuendelee.

Usiku ule nilirudi Bombolulu na matatu ya mwisho mwisho. Tulipofika Kengeleni nilimpigia simu mzee wa kikundi, nikamweleza. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema nikale, nilale.

Asubuhi saa tatu simu ikalia. Baba mkubwa, sauti nzito, kichwa kinamuuma, nasikia watu wakibishana nyuma yake. "Mwanangu, hebu tukate huu mzozo. Wale wageni jana walisema watamalizia lini ile salio, Agosti ama Disemba? Hapa kila mtu ana lake."

"Agosti, baba. Kabla ya tarehe 20. Na walisema wataleta na leso sita za akina mama."

"Mmesikia?" akawapigia kelele wenzake. "Shahidi amesema."

Nikakata simu, nikapika chai. Ilikuwa siku ya 42.